Kura ya Jimbo na Kadi ya Yunioni



Wengine wenu mtauliza: gazeti letu dogo hili, lenye kurasa chache na wino wa kuchafua vidole, lina haja gani na uchaguzi wa majimbo ya Marekani? Mishahara yetu hailipwi Michigan. Waajiri wetu hawapigi kura Wisconsin. Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kabla ya kwenda mbele.

Jibu la kwanza ni la udugu. Wazee wetu wanakumbuka kwamba Solidarity House ya Nairobi, nyumba ya Kenya Federation of Labour siku za Tom Mboya, ilijengwa kwa msaada wa dola 35,000 kutoka kwa shirikisho la wafanyakazi wa Marekani, AFL-CIO. Wafanyakazi wa magari wa huko, ambao chama chao chaitwa UAW, nao wana nyumba yao mjini Detroit, jimbo la Michigan, na jina lake ni hilo hilo, Solidarity House. Hatuwezi kula karamu ya mtu halafu tusiulize habari za mji wake.

Jibu la pili ndilo kubwa. Tangu Novemba 2010 chama cha Democratic, ambacho wafanyakazi wengi wa Marekani wamekihesabu kuwa chama chao tangu siku za Rais Roosevelt, kimekuwa kikihangaika kurudisha majimbo kilichoyapoteza kwa siku moja. Magazeti makubwa huandika habari hiyo kama mchezo wa mpira: nani kafunga, nani kafungwa. Lakini kilichokuwa kikigombewa ni ada ya yunioni, haki ya kukaa mezani na mwajiri, na mapatano ya mishahara. Habari kama hiyo ni yetu pia.

Kwanza tuelewane juu ya neno jimbo. Marekani ina majimbo 50, na kila moja ni kama serikali kamili. Lina gavana wake, lina bunge lake lenye nyumba mbili (isipokuwa Nebraska, lenye nyumba moja), lina korti kuu yake. Msilifananishe na kaunti zetu 47, ambazo hazitungi sheria ya kazi. Kule bunge la jimbo ndilo linaloamua kama mwalimu wa shule ya serikali au mfagiaji wa barabara anaweza kujadiliana na mwajiri kwa pamoja na wenzake. Tena, tangu mwaka 1947, sheria ya nchi nzima iitwayo Taft-Hartley imeliachia kila jimbo nafasi ya kupitisha sheria inayoitwa Haki ya Kazi.

Jina tamu hilo. Mtu akilisikia atadhani ni sheria ya kumpa kila mtu kazi. Haitoi kazi hata moja. Maana yake ni kwamba yunioni na mwajiri wamekatazwa kupatana kuwa kila anayefaidika na mapatano ya pamoja achangie gharama zake. Asiyetaka kulipa asilipe. Lakini nyongeza ikipatikana ataipokea, na akifukuzwa kwa uonevu, yunioni inalazimika kumtetea kwa fedha za waliolipa. Kila mwakilishi wa kazini anamjua mtu huyu. Siku ya ada ana mgonjwa nyumbani. Siku ya nyongeza yuko mbele ya foleni.

Sisi Kenya tuna kifungu cha 49 cha Labour Relations Act ya 2007. Yunioni yenye mapatano ya pamoja yaliyoandikishwa kortini inaweza kumwomba Waziri aagize mwajiri akate ada ya uwakilishi katika mshahara wa mfanyakazi anayefunikwa na mapatano hayo ingawa si mwanachama. Kitu ambacho sisi tunacho kwa kifungu kimoja cha sheria, ndicho wenzetu wa majimbo yale walichonyang'anywa.

Sasa habari yenyewe. Mwaka 2010 Rais alikuwa Barack Obama, wa chama cha Democratic, na uchumi ulikuwa umeanguka; miezi michache nyuma watu kumi katika kila mia waliotafuta kazi hawakuipata. Wapiga kura walikasirika. Katika mabunge ya majimbo chama cha Democratic kilipoteza viti zaidi ya 600. Lakini hasira peke yake haielezi yote. Ule ulikuwa mwaka wa kuhesabu watu, jambo linalofanyika kila miaka kumi, na baada ya hesabu mipaka ya maeneo ya uchaguzi hukatwa upya. Katika majimbo mengi anayekata ni bunge la jimbo lenyewe. Chama cha Republican kililijua hilo, kikaweka mpango kikauita REDMAP, kikatumia dola milioni 30 hivi katika chaguzi ndogo ndogo za majimbo ambazo hakuna aliyezitazama. Kwa mambo ya fedha ya uchaguzi wa Marekani hiyo ni bei ya karanga. Wademocrat walikuwa na macho yote Washington, na mlango wa nyuma uko wazi.

Ufundi wa kukata mipaka ni rahisi kuueleza. Ukitaka kuwavunja nguvu wapiga kura wa upande mmoja, warundike wengi katika maeneo machache, washinde huko kwa kura nyingi za bure. Waliobaki watawanye katika maeneo mengi, washindwe kidogo kidogo kila mahali. Haki tuiseme: Wademocrat nao wameufanya ufundi huo walipopata wembe, Illinois na Maryland. Lakini mwaka 2011 wembe ulikuwa mkononi mwa wenzao.

Twende Wisconsin. Hilo ndilo jimbo lililokuwa la kwanza, mwaka 1959, kuwapa watumishi wa serikali haki ya kujadiliana kwa pamoja. Chama kikubwa cha watumishi hao, AFSCME, kilizaliwa mjini Madison mwaka 1932. Kwa ufupi, ni kama mtu aje kuiba msikitini. Gavana mpya, Scott Walker, aliapishwa Januari 2011, na mwezi wa Februari alileta mswada ulioitwa baadaye Act 10. Watumishi wa serikali wangeweza kujadili mshahara wa msingi tu, tena nyongeza isizidi kupanda kwa bei. Masaa ya kazi, likizo, usalama, mambo yote hayo yasizungumzwe. Makato ya ada katika mshahara yakafutwa. Na kila mwaka yunioni ipigiwe kura upya, ipate zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote wa mahali pale, si nusu ya waliokuja kupiga kura; asiyekuja amehesabiwa kuwa amekataa. Tunawauliza wabunge wote wa dunia, ni wangapi kati yao wangebaki na viti kwa kipimo hicho?

Polisi na wazima moto hawakuguswa. Mkono wa kugawa watu unaonekana hapo. Lakini wazima moto walikuja kuandamana na walimu, na wakulima wakaleta matrekta yao mjini. Watu walijaza jengo la bunge wakalala sakafuni. Maseneta 14 wa Democratic walikimbilia jimbo la jirani, Illinois, ili hesabu ya Seneti isitimie kwa mswada wa fedha. Walikaa huko karibu wiki tatu. Mwishowe Warepublican waliondoa vifungu vya fedha, wakapitisha vilivyobaki bila wao, na gavana akatia sahihi tarehe 11 Machi 2011.

Hapo ndipo chama kilipofanya jaribio la kwanza la kurudi. Sheria ya Wisconsin inaruhusu wananchi kumrudisha gavana kwenye kura kabla ya muda wake. Sahihi 540,000 zilihitajika. Wafanyakazi na rafiki zao wakaleta zaidi ya 900,000, katika baridi ya majira yale, mlango kwa mlango. Kazi ya ajabu. Na tarehe 5 Juni 2012 Walker akashinda tena, kwa asilimia 53.

Ndugu, kaeni hapo kidogo. Sahihi laki tisa, na bado wakashindwa. Fedha za matajiri zilimiminika, ni kweli. Mgombea aliyependwa na yunioni alishindwa katika mchujo wa chama, na aliyesimamishwa hakufanya haki za yunioni kuwa neno lake la kwanza. Hilo nalo ni kweli. Lakini wale wanaowauliza watu mlangoni mwa vituo vya kura walikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya wapiga kura kutoka nyumba zenye mwanachama wa yunioni walimpa Walker. Wengine walisema gavana asiondolewe katikati ya muda wake kwa sababu ya sheria moja. Wengine, waliofanya kazi viwandani, walimwona mwalimu mwenye pensheni kuwa ni mtu wa raha. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, pensheni yake imekwenda, na gavana anamwambia: tazama jirani yako anavyonenepa kwa kodi yako. Maneno hayo huingia masikioni pale ambapo yunioni ya kiwanda na yunioni ya walimu hazijapata kunywa chai pamoja.

Matokeo yalionekana katika madaftari. Mwaka 2010 wafanyakazi 14 hivi katika kila 100 wa Wisconsin walikuwa memba wa yunioni. Mwaka 2016 walikuwa wanane. Mwaka 2015 Walker alitia sahihi sheria ya Haki ya Kazi kwa wafanyakazi wa kampuni pia, wale wale ambao wengine wao walikuwa wamempigia kura.

Kurudi kwa kweli kulianza pole pole. Mwaka 2018 Tony Evers, mwalimu wa zamani, alimshinda Walker kwa kura pungufu ya 30,000 katika kura zaidi ya milioni mbili na nusu. Siku hiyo hiyo wagombea wa Democratic wa nyumba ya chini ya bunge walipata kura nyingi kuliko wenzao kwa jumla, na wakapewa viti 36 katika 99. Huo ndio ule wembe wa 2011. Tena, kabla ya Evers kuapishwa, bunge lilikutana haraka likampunguzia madaraka.

Basi walifanya nini? Walirudi katika jambo ambalo watu wengi hulipuuza, uchaguzi wa majaji. Wisconsin majaji wa korti kuu huchaguliwa kwa kura, kwa miaka kumi. Aprili 2023 Janet Protasiewicz alishinda kwa tofauti ya pointi 11, na wingi wa korti ukageuka. Desemba mwaka huo korti ilifuta mipaka ya bunge. Februari 2024 mipaka mipya ikatiwa sahihi, na Novemba, mwaka ule ule ambao Donald Trump alilichukua jimbo hilo katika uchaguzi wa urais, Wademocrat waliongeza viti kumi nyumba ya chini wakafika 45, na viti vinne Seneti wakafika 15 katika 33. Hawakupata wingi, lakini walikuwa wameinuka sakafuni. Aprili 2025 tajiri mkubwa Elon Musk na vikundi vyake walimwaga zaidi ya dola milioni 20 kuipindua korti ile. Mtu wao akashindwa kwa pointi kumi hivi. Na Desemba 2024 jaji wa wilaya ya Dane alikuwa amekwisha amua kwamba sehemu kubwa ya Act 10 ni kinyume cha katiba ya jimbo, kwa sababu ile ile ya kuwatenga polisi na wazima moto. Hukumu ikasimamishwa kungoja rufani. Miaka kumi na mitatu baada ya watu kulala sakafuni Madison!

Michigan ni habari nyingine, na kwetu sisi ni yenye mafunzo zaidi, kwa kuwa kule chama kilipata ushindi kamili, kisha tukaona kinaufanyia nini.

Wafanyakazi wa Michigan wanajua thamani ya gavana. Desemba 1936 wafanyakazi wa General Motors mjini Flint walikaa ndani ya viwanda wakakataa kutoka, siku 44. Kampuni ilikwenda kortini ikapata amri ya kuwatoa. Gavana Frank Murphy, wa Democratic, alileta askari, lakini hakuwaamuru wawatoe watu kwa nguvu. Februari 1937 kampuni ikaitambua UAW. Gavana hakuupigana mgomo ule. Waliokaa ndani na kula chakula kilichopitishwa madirishani ni wafanyakazi wenyewe. Lakini gavana wa namna nyingine angeumaliza kwa bunduki.

Mwaka 2012 yunioni za Michigan ziliona yaliyotokea Wisconsin, zikaamua kujikinga mapema. Walipeleka kwa wapiga kura pendekezo la kuandika haki ya majadiliano ya pamoja katika katiba ya jimbo. Novemba wapiga kura wakalikataa, asilimia 57 hivi. Twadhani walikuwa na haraka. Hawakuwa wamewaeleza wasio memba faida yake ni nini. Gavana Rick Snyder, wa Republican, alikuwa amesema mara nyingi kwamba Haki ya Kazi haimo katika shughuli zake. Baada ya pendekezo kushindwa, akabadilika. Kabla bunge jipya halijaingia, mswada ulipita kwa siku chache tu, maelfu wakipiga kelele nje ya jengo la bunge Lansing, na tarehe 11 Desemba 2012 akatia sahihi. Ndani yake palitiwa kifungu cha kutenga dola milioni moja. Kwa nini? Kwa sababu katiba ya Michigan hairuhusu wananchi kuipigia kura ya kuifuta sheria yenye matumizi ya fedha. Wajanja hao.

Basi yunioni ya magari, katika nchi iliyoizaa, ikawa chini ya sheria ya watu wa kusini wenye mashamba ya pamba.

Safari ya kurudi ilianza na mtu asiye mwanasiasa. Siku mbili baada ya uchaguzi wa 2016 kijana mmoja wa kike, Katie Fahey, aliandika kwenye Facebook kwamba anataka kuushughulikia ukataji wa mipaka, na anayetaka kusaidia aje. Walikuja. Bila kulipa mkusanyaji hata mmoja walipata sahihi zaidi ya 425,000, wakasimama kwenye sherehe na vituo vya kupumzika barabarani, wakiwaeleza watu jambo ambalo halina utamu wowote. Mwaka 2018 asilimia 61 ya wapiga kura walikubali kazi hiyo itolewe bungeni, ipewe kamati ya raia 13: wanne wa chama hiki, wanne wa kile, watano wasio na chama. Siku hiyo hiyo Gretchen Whitmer wa Democratic alichaguliwa gavana.

Uchaguzi wa kwanza chini ya mipaka mipya ulikuwa wa 2022. Wademocrat walipata viti 56 kwa 54 nyumba ya chini, na 20 kwa 18 Seneti. Ilikuwa mara ya kwanza kwa karibu miaka 40 kushika nyumba zote mbili na ugavana pamoja. Tarehe 24 Machi 2023 Whitmer alitia sahihi ya kuifuta Haki ya Kazi. Hakuna jimbo lililofuta sheria ya namna hiyo tangu Indiana mwaka 1965, na Indiana wenyewe waliirudisha mwaka 2012.

Sisi tulifurahi, wala hatuoni aibu kusema. Lakini mambo mawili lazima tuyaseme kwa uaminifu. Wademocrat nao walitia fedha ndani ya mswada wao, ujanja ule ule wa 2012, ili wananchi wasiweze kuupigia kura ya kuufuta. Na gavana huyo alikuwa ameahidi mwaka 2019 kukataa miswada ya namna hiyo. Ukimlaumu jirani kwa kuiba kuku, usile kuku wake kwa mchuzi mwingine. La pili, sheria mpya haikuwafaa watumishi wa serikali, kwa sababu Juni 2018 korti kuu ya nchi nzima, katika kesi ya Janus, iliamua kwamba hakuna mtumishi wa serikali popote Marekani anayeweza kulazimishwa kuchangia yunioni. Bunge la jimbo halipandi juu ya hapo.

Tena ulikuwa ushindi wa kiti kimoja. Novemba 2023 wabunge wawili wa Democratic walichaguliwa kuwa mameya wa miji yao, wakaondoka, na nyumba ikawa 54 kwa 54 mpaka Aprili. Novemba 2024 Warepublican waliichukua, 58 kwa 52. Sheria ya zamani haikurudi, kwa kuwa Seneti haikuwa na uchaguzi mwaka ule na gavana alikuwa bado yule yule. Lakini mlango ulifunguliwa Januari 2023 ukafungwa baada ya miaka miwili. Ambaye hakupita, hakupita.

Na hapa ndipo moyo wa neno letu. Mwaka 2012, ilipopita Haki ya Kazi, memba wa yunioni Michigan walikuwa asilimia 16.6 ya wafanyakazi. Mwaka 2023 walikuwa asilimia 12.8, na mwaka 2024, sheria mpya ikiwa imeanza, 13.4. Chama cha siasa kiliweza kurudisha sheria kwa sahihi moja. Memba hawarudishwi kwa sahihi ya gavana. Kila mmoja anarudishwa na mtu mmoja aliyekwenda kuzungumza naye wakati wa chakula cha mchana.

Tena tazameni mwaka 2023 wenyewe. Septemba Rais Biden alikwenda Michigan akasimama na wagomaji wa UAW, rais wa kwanza aliye kazini kufanya hivyo. Mgomo wa wiki sita hivi ukawapatia wafanyakazi wa kampuni tatu kubwa za magari nyongeza ya asilimia 25 mpaka 2028. Nyongeza ile haikutoka kwa bunge lolote. Na mwaka uliofuata Trump akalishinda jimbo kwa kura 80,000 hivi, ingawa viongozi wa UAW walimpinga waziwazi.

Wakubwa wa Democratic hushangaa: tumewafanyia haya yote, kwa nini wafanyakazi wanatukimbia? Wangeuliza Missouri. Kule Warepublican walipitisha Haki ya Kazi mwaka 2017. Yunioni zikakusanya sahihi zaidi ya 300,000, mara tatu ya zilizohitajika, zikaisimamisha, na Agosti 2018 wapiga kura wakaizika kwa asilimia 67. Theluthi mbili, katika jimbo la Republican! Novemba wapiga kura wale wale wakapandisha mshahara wa chini, na siku hiyo hiyo wakamwangusha seneta wa Democratic, Claire McCaskill. Walitaka yunioni, walitaka mshahara, na chama hawakukitaka.

Sababu hazijafichika. Sheria ya mkataba wa biashara na Mexico, NAFTA, ilitiwa sahihi Desemba 1993 na Bill Clinton, rais wa Democratic, ijapokuwa wengi wa wabunge wa chama chake katika nyumba ya chini waliupinga. Viwanda vikahama. Mwaka 2009 chama kilikuwa na rais na nyumba zote mbili Washington, na mswada wa kuwarahisishia wafanyakazi kujiunga na yunioni, ulioahidiwa kila kampeni, ukafia njiani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yunioni zilitoa fedha, zikatoa miguu ya kugonga milango, na hazikudai hesabu mapema. Mtu asiyedaiwa hulipa anapopenda.

Hata Novemba 2025, chama kilipopata nguvu tena, jambo hilo lilionekana. Virginia ilimchagua Abigail Spanberger wa Democratic kuwa gavana, na chama kikapata viti 64 katika 100 nyumba ya chini. Virginia ina Haki ya Kazi tangu 1947. Kwenye kampeni mama huyo alisema wazi kwamba hatatia sahihi ya kuifuta yote. Twampa heshima kwa kusema kabla ya kura. Lakini mwenye viti 56 alithubutu, na mwenye viti 64 alikataa mapema. Basi idadi ya viti peke yake si kitu cha kutegemea; yategemea nani alikuwa anadai, na alidai lini.

Sisi huku kwetu tumeona vyama vya siasa vikija na kuondoka. Wagombea huja langoni mwa kiwanda saa ya kutoka, na maneno matamu juu ya mfanyakazi, na baada ya kura hatuoni hata vumbi la gari. Hatusemi mwanachama asipige kura, wala hatumchagulii chama. Twasema mgombea aulizwe mambo mawili matatu yenye jina: kifungu cha 49 utakilinda? Wakaguzi wa kazi utawaongeza? Wafanyakazi wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, wanaozungushwa miaka kumi, utawafanyia nini? Jibu liandikwe, na karani wa tawi aliweke.

Lakini kuna jambo la karibu zaidi. Ada ya uwakilishi kwetu inakatwa kwa agizo la Waziri. Ni kalamu. Wenzetu wa Wisconsin walikuwa na sheria ya miaka zaidi ya 50, nzito kuliko agizo, ikaondoka kwa wiki chache. Kwa hiyo tumeomba kila tawi lifanye hesabu moja kabla ya mkutano wa mwaka. Msihesabu wanaokatwa. Hesabuni ni wangapi wangebaki kama makato yangefutwa mwisho wa mwezi huu na kila mtu aje kulipa kwa mkono wake, na kama asiyekuja angehesabiwa kuwa amekataa. Tawi moja limekwisha leta majibu, nusu na kidogo. Katibu wake alikuja na uso wa huzuni. Sisi tulimpa mkono kwa kuwa alisema kweli. Majina ya waliosita yako katika daftari lake, zamu kwa zamu, naye ameanza na zamu ya usiku, ambayo haijatembelewa na kiongozi yeyote tangu mapatano yaliyopita. Matawi mengine bado tunangoja karatasi zenu.